Mwezi Msiubebeshe Mzigo Usio Wake

Wadogo zangu, leo naanza na aibu yangu mwenyewe, maana dada asiyesimulia makosa yake atawashauri nini wenzake?

Nilikuwa kidato cha pili. Tulitoka mnadani Katesh mimi na binamu yangu, tumebeba ndoo mbili mpya za plastiki, sukari kilo mbili na kanga ya bibi. Jua likaanza kuzama, binamu akasema tukaze mwendo. Nikamjibu kwa kiburi cha aliyesoma: "Haraka ya nini? Juzi mwezi ulikuwa umejaa. Leo tutakwenda na mbalamwezi."

Giza likaingia, mwezi haupo. Tukatembea, haupo. Njia ile ya chini ya Mlima Hanang ina makorongo, na mimi nikalipata moja kwa mguu. Kifundo kikateguka, ndoo ikabingirika, sukari ikabaki kwa sisimizi. Fisi akalia upande wa shamba la mbaazi. Tukapanda juu ya jiwe tukakaa, tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea. Mwezi ulipochomoza ilikuwa saa tatu kasoro, umebonyea upande mmoja, mwekundu kama tofali.

Bibi yangu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Usiku ule alinikanda kifundo kwa maji ya moto yenye chumvi, kisha akaniuliza: "Huko shuleni mnafundishwa nini? Hujui mwezi ukishajaa unakuwa mvivu wa kuamka?"

Nimemkumbuka bibi kwa sababu ya meseji tatu nilizopokea. Kijana wa Balangdalalu anauliza kwa nini mwezi hauna adabu ya muda: leo upo jioni, wiki ijayo hauonekani mpaka usiku wa manane. Binti wa Mbulu mjini anauliza kama ni kweli siku zake zinapaswa kufuata mwezi, maana zake hazifuati na ameanza kuogopa. Na mama mmoja wa Dongobesh ameandika mistari minne tu: mwanawe wa miaka tisa anaanguka kifafa, majirani wanasema ni mwezi, kila ukiandama humvuta. Anauliza afanye nini mwezi ujao.

Mama, wewe nimekuweka mwisho kwa makusudi, siyo kwa dharau. Jibu lako ndilo zito kuliko yote. Wengine wanisikilize kwanza ili tukifika kwako tuwe na lugha moja.

Kijana wa Balangdalalu, usiku wa leo zima taa zote ndani ubakize moja, ya sola au kibatari. Chukua kitunguu kikubwa, kichome kwenye kijiti, ukishike mbele yako kwa mkono ulionyooka, juu kidogo ya kichwa. Taa ni jua, kichwa chako ni dunia, kitunguu ni mwezi. Ukiikabili taa, upande wa kitunguu unaokutazama ni mweusi. Huo ndio mwezi giza: upo mbinguni mchana kutwa pamoja na jua, ila upande wenye mwanga umetupa kisogo. Geuka polepole kuelekea kushoto kwako. Kwanza utaona ukingo mwembamba wa mwanga, huo ndio mwezi mchanga. Ukifika robo ya mzunguko, nusu ya kitunguu inang'aa. Ukiipa taa mgongo, kitunguu chote kimewaka: mwezi mpevu. Endelea kugeuka na mwanga utapungua vilevile ulivyokuja, mpaka urudi ulipoanzia.

Umeona? Mwezi hauliwi na kitu wala haukatwi. Nusu yake iliyoelekea jua inawaka wakati wote. Kinachobadilika ni sehemu gani ya nusu hiyo tunayoiona sisi. Wengi tunadhani kivuli cha dunia ndicho kinachoufunika kila mwezi. Hapana. Kivuli hicho kinaugusa mara chache tu, pale kitunguu chako kinaposhuka na kuingia sawasawa kwenye kivuli cha kichwa. Njia ya mwezi imeinama kama nyuzi tano, ndiyo maana mara nyingi unapita juu au chini ya kivuli. Ukiingia ndani, ndiyo tunasema mwezi umepatwa. Wengi wenu mliuona Jumapili ya 7 Septemba 2025: kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 3:52 ulikuwa mwekundu mzima. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa inayoizunguka dunia, ule ule wa machweo. Hauna sumu, hauharibu macho, na mjamzito hana sababu ya kujifungia ndani. Jua likipatwa ndiyo habari nyingine. Waliokwenda Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016 kuona jua limebaki pete, walihitaji miwani maalumu. Jua halitazamwi kwa macho matupu.

Sasa turudi kwenye saa. Toka mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Ugawanye mzunguko huo na utaona mwezi unachelewa kuchomoza kwa kama dakika 50 kila siku. Huku kwetu mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, saa 12 na nusu jioni hivi. Kesho yake ni karibu saa moja na nusu. Keshokutwa, saa mbili na ushee, na hapo ndipo mimi na binamu tulipokuwa tumekalia jiwe. Wiki moja baada ya mpevu unachomoza katikati ya usiku. Tena mwenye nyumba upande wa machweo wa Mlima Hanang aongeze muda wake, maana mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 haumpishi mwezi upite kirahisi.

Kabla ya mpevu mambo ni kinyume. Mwezi mchanga unaonekana magharibi jioni na kulala mapema. Nusu mwezi ya kwanza jua likizama inakuwa juu ya utosi, nayo inazama kama saa sita na nusu usiku. Kwa hiyo shikeni hili: siku za kuelekea mpevu jioni ina taa, siku za baada ya mpevu jioni ni giza, hata kama jana tu mlicheza uani bila tochi. Na msidanganywe na neno "nusu". Nusu mwezi haitoi nusu ya mwanga wa mpevu, inatoa kama sehemu moja ya kumi tu. Ukitaka kujua kama mwezi unakua au unapungua, tazama mgongo wake. Mgongo daima unaelekea liliko jua. Ukiuona jioni magharibi, unakua. Ukiuona alfajiri mashariki, unakaribia kwisha.

Mnaweza kuona haya ni mambo madogo. Mwaka 2011 Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walichapisha uchunguzi wa karibu matukio 500 ya simba kushambulia wanavijiji Tanzania, kati ya 1988 na 2009. Mashambulizi mengi yalitokea saa za mwanzo za usiku, na siku zilizofuata mpevu ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Sababu ni ile ile ya bibi. Usiku wa mbalamwezi simba hawindi vizuri kwa kuwa anaonekana, analala na njaa. Mwezi ukianza kuchelewa, giza linamkuta binadamu bado yuko njiani, na simba naye ana deni la tumbo. Kwetu Hanang na Mbulu usumbufu wa kila siku ni fisi zizini, lakini somo ni moja. Siku tano sita baada ya mpevu, ng'ombe waingie zizini mapema, watoto wasitumwe dukani magharibi, na anayekwenda mnadani abebe tochi yenye betri. Zamani ningeongeza "na akili", ila akili nilikuwa nayo, tochi ndiyo sikuwa nayo.

Na giza lenyewe msilione ni la mashetani. Kule Yaeda Chini, Wahadzabe wana ngoma yao takatifu, epeme, ambayo huchezwa usiku usio na mwezi. Moto unazimwa. Mwanamume mmoja mmoja anaingia kucheza gizani, ana manyoya ya mbuni kichwani na njuga mguuni, na wanawake wanamwitikia kwa wimbo. Ili ngoma hiyo ifanyike lazima watu wajue vizuri mwezi uko wapi. Wenzetu hao wameupangia mwezi kazi, na giza wamelipangia heshima yake.

Sisi wengine nasi tunaishi kwa mwezi tusijue. Pasaka, ambayo Mbulu yote inaisubiri, ni Jumapili inayofuata mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa hesabu ya Kanisa. Mwaka 2025 mwezi ulijaa 13 Aprili, Pasaka ikawa 20 Aprili. Mwaka 2026 ulijaa 2 Aprili, Pasaka ikaangukia tarehe 5. Majirani zetu Waislamu wao wanaanza na kumaliza Ramadhani kwa mwandamo, na kwa kuwa miezi yao 12 ya mwandamo inapungukiwa siku kama 11 na mwaka wa kalenda ya ukutani, mfungo unawahi zaidi kila mwaka. Ukiwa na shemeji Mwislamu Katesh, huna haja ya kumuuliza Idi iko karibu au la: tazama magharibi jioni.

Kuna mvua pia. Wapo wanaoutazama mwezi mchanga ulivyolala kama mtumbwi, wakasema umebeba maji, au ukiinama kidogo wakasema utamwaga. Wadogo zangu, huku kwetu mwezi mchanga hulala. Tuko nyuzi nne na kitu tu kusini ya ikweta, kwa hiyo pembe zake zinatazama juu kama za ng'ombe. Picha zile za vitabuni zenye mwezi uliosimama wima zimechorwa na watu wa mbali kaskazini. Kuinama kwake kunabadilika kidogo kwa majira ya mwaka, lakini mvua yetu inaletwa na pepo na bahari. Tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likafunika nyumba na watu wetu Katesh na vijiji vya jirani, mwezi ulikuwa umeshapita mpevu na unaelekea nusu. Haukuwa na onyo lolote la kutupa. Onyo la mvua litafuteni kwenye taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na kwenye mito inapobadilika rangi.

Sasa binti wa Mbulu mjini, sogea hapa tuongee kike. Lugha yetu yenyewe ndiyo iliyokuchanganya. Tunasema fulani "yuko mwezini", tunasema "siku zake za mwezi", basi mtu anadhani kuna kamba imefungwa toka angani hadi kwenye kizazi. Mwezi una siku 29 na nusu, haukosei. Mwili wako si hivyo. Mzunguko wa mwanamke mzima unaweza kuwa siku 21 hadi 35 na bado ukawa wa kawaida, na kwa msichana aliyevunja ungo miaka michache iliyopita unaweza kuyumba zaidi ya hapo. Majirani wawili wenye afya njema, mmoja wa siku 26 na mwingine wa 32, hawawezi wote kufuata mwezi mmoja.

Chukua kalenda, ile ya ukutani yenye picha ya askofu inatosha kabisa. Siku ya kwanza ya damu weka alama. Hesabu toka alama hiyo hadi alama inayofuata. Baada ya miezi minne mitano utajua mwili wako una tabia gani. Ukikaa miezi mitatu bila kuona, au damu ikizidi wiki, au maumivu yakikulaza kitandani, nenda kituo cha afya. Na nisikufiche, mdogo wangu: kama umekutana na mwanamume na siku zimepita, usisimame uani kuutazama mwezi. Mwezi haupimi mimba. Kipimo kipo duka la dawa.

Na mkisikia kwamba usiku wa mpevu wodi za wazazi hufurika, muulizeni anayesema kama amehesabu. Huko North Carolina, Marekani, walihesabu: vizazi 564,039 katika mizunguko 62 ya mwezi, taarifa ikatoka mwaka 2005. Hawakukuta mpevu una wajawazito wake.

Mama wa Dongobesh, karibu. Nimefika kwako.

Kwanza nikutoe aibu. Majirani zako hawakuanza wao. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 17, kuna baba anayemleta mwanawe anayeanguka motoni na majini. Biblia yetu ya Kiswahili inasema ana kifafa, lakini neno la Kigiriki lililotumika pale limetokana na jina la mwezi, yaani mtoto amepatwa na mwezi. Binadamu wameubebesha mwezi mzigo huu kwa miaka zaidi ya elfu mbili. Na ni rahisi kuamini, kwa sababu kila siku mwezi una sura fulani. Mtoto akianguka mwezi ukiwa mchanga, watu wanakumbuka. Akianguka mwezi ukiwa nusu, hakuna anayetazama juu.

Kifafa kinatoka kwenye ubongo. Kinaweza kuletwa na jeraha la kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyopanda kichwani, na mara nyingine sababu haijulikani. Lakini huku kwetu kuna sababu moja ambayo lazima niitaje kwa sauti, nayo ni tegu wa nguruwe. Mwaka 2004 Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichapisha utafiti walioufanya wilayani Mbulu. Nguruwe kama 17 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na vifuko vya mnyoo huyo. Uchunguzi wa wagonjwa Mbulu, ikiwemo Haydom, umemkuta mnyoo huyo huyo kwenye vichwa vya baadhi ya watu wanaoanguka.

Njia yake ni hii. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mayai yanageuka vifuko vyeupe ndani ya nyama, kama punje za mchele. Mtu akila kitimoto ambayo haikuiva, tegu anakua tumboni mwake, na mtu huyo anaanza kutoa mayai chooni, au porini kama hana choo. Mayai hayo yakifika mkononi, kwenye mboga au kwenye maji, anayeyameza vifuko vinamwota yeye, hata ndani ya ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maishani anaweza kupata kifafa, akilishwa na mikono isiyooshwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba penye mnyoo huyu kwa wingi, kama asilimia 30 ya kifafa ni kazi yake.

Mambo ya kufanya ni haya, mama. Chukua daftari la mwanao. Kila akianguka andika tarehe, saa, alianguka vipi na kwa dakika ngapi. Ukipenda, chora na mwezi pembeni ulivyokuwa. Baada ya muda utaona mwenyewe kama anaufuata au la, na daftari hilo litamsaidia sana daktari. Akianguka, msogeze mbali na moto na mawe, mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimshike kwa nguvu. Mate yake hayaambukizi, wanaomkimbia wanamkosea. Akipita dakika tano hajaacha kutetemeka, hiyo ni safari ya hospitali hapo hapo. Akipewa dawa, azinywe kila siku, mwezi uwepo usiwepo, na msizikatize kwa sababu amekaa wiki tatu bila kuanguka. Wagonjwa wapatao 7 katika 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Mtoto huyo anaweza kusoma, kucheza mpira na kuoa.

Na nyumbani, nguruwe wafungiwe bandani, choo kitumike na kila mtu, mikono ioshwe kwa sabuni, nyama ipite kwa mkaguzi na iive mpaka ndani.

Bibi yangu alikuwa sahihi kuhusu mwezi: una saa yake ya kuamka, na mwenye kuijua hatumbukii korongoni. Kazi ya mwezi inaishia hapo. Mama, umeniuliza ufanye nini mwezi ujao. Usiungoje mwezi ujao. Kesho asubuhi mpeleke mtoto kliniki, na daftari mkononi.